Kiingereza cha Kila Siku: "Tidy" si "clean"

Nakala ya kipindi, kwa wanaojisomea na kwa vikundi vya kusikiliza

[Muziki wa kufungua kipindi]

Uwe uko Kakuma au Kalobeyei nchini Kenya, Nyarugusu nchini Tanzania, au Nakivale kule Uganda, karibu kwenye darasa letu la Kiingereza. Darasa hili halina ada, halina sare, na hakuna anayefukuzwa kwa kuchelewa. Kama kipindi kilikupita hewani na sasa unasoma karatasi hii, usijali, kila tulichosema kimo humu. Shika kalamu na daftari. Kama kalamu haipo, mdomo unatosha. Kila sentensi ya Kiingereza utakayoikuta hapa, isome kwa sauti mara mbili.

Leo tuna neno moja lenye herufi nne: t, i, d, y. "Tidy." Utalikuta kwenye kibao cha zahanati, kwenye daftari la mtoto, kwenye tangazo la kazi na, kwa wale ambao safari itawafikia, kwenye mkataba wa nyumba ya kupanga. Ni neno dogo, lakini wengi wetu tunalichanganya na neno jingine, "clean". Mchanganyiko huo unaweza kukukosesha kazi, na pale penye wagonjwa unaweza kuleta madhara. Ndiyo maana tumelitengea kipindi kizima.

MAANA YAKE

"Clean" ni safi: hakuna uchafu, hakuna vumbi, hakuna tope, hakuna mafuta. "Tidy" ni nadhifu kwa maana ya mpangilio: kila kitu kiko mahali pake.

Sasa ingia nyumbani kwako kwa mawazo. Masufuria yako juu ya kichanja. Mikeka imekunjwa na kusimamishwa pembeni. Nguo ziko ndani ya mfuko. Madumu ya maji yamepangwa mstari mmoja karibu na mlango. Kadi ya mgao iko kwenye bahasha yake. Hapo unasema:

"My house is tidy."

Lakini tuseme leo upepo umevuma, na ukiishi Kakuma unaujua upepo wenyewe. Vumbi limetanda juu ya masufuria yote. Masufuria bado yako mahali pake, mikeka bado iko pembeni. Nyumba ni "tidy", lakini si "clean":

"My house is tidy, but it is not clean."

Geuza upande wa pili. Umefagia, umefuta vumbi, umeosha kila chombo. Kisha watoto wamerudi kutoka shule, viatu huku, madaftari kule, sahani katikati ya njia. Hakuna uchafu, ila hakuna mpangilio:

"My house is clean, but it is not tidy."

Ukizishika sentensi hizi mbili, umeshika sehemu kubwa ya somo la leo. Jiulize swali moja tu: shida ni uchafu, au shida ni mahali? Ikiwa ni uchafu, tumia "clean". Ikiwa ni mahali, tumia "tidy".

Na uone jambo jingine. "Tidy" haiulizi nyumba imejengwa kwa nini. Haiulizi kama sakafu ni ya saruji au ya udongo, wala kama paa ni bati au turubai. Chumba kimoja cha watu saba kinaweza kuwa "tidy", na jumba la ghorofa likakosa. Kwa hiyo usiogope kulitumia neno hili kwa nyumba yako mwenyewe: "Our shelter is small, but it is tidy." Hiyo ni sentensi kamili, na haina aibu ndani yake.

KWA NINI TUNACHANGANYA

Sababu ya kwanza iko kwenye Kiswahili chetu. Mama akimwambia binti yake, "Nenda ukasafishe chumba," binti anajua kwamba anatakiwa kufagia, kutandika kitanda, kukunja nguo na kupanga viatu. Yote hayo yanaingia ndani ya "kusafisha". Sisi hatuoni shida. Mwingereza anaigawa kazi hiyo mara mbili: "clean the room" ni kuondoa uchafu, "tidy the room" ni kupanga vitu.

Lugha zote ziko hivyo. Kila moja hugawa mambo kwa namna yake. Sisi tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunanawa mikono na tunaoga mwili. Mwingereza kwa yote manne anaweza kusema "wash". Hapo sisi ndio tunaogawa, na yeye ndiye anayechanganya.

Sababu ya pili ni kwa wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, huko Bukavu, Uvira, Bujumbura na kwingineko. Neno "propre" unalolijua linalingana na "clean", wala si "tidy". "Tidy" iko karibu na "rangé" au "en ordre". Na angalia mtego: Kiingereza kina neno "proper" linalofanana na "propre" kwa sura, lakini maana yake ni "inayofaa" au "ya sawasawa". Ukisema "My room is proper" ukitaka kusema chumba chako ni safi, msikilizaji atabaki anasubiri uendelee. Sema "My room is clean."

PALE KOSA LINAPOUMA

Sasa fikiri umepata kazi ya kusaidia kwenye zahanati. Muuguzi mwenye haraka anakupita na kukuambia kwa Kiingereza: "Please tidy the shelf." Kwenye rafu hiyo kuna maboksi ya dawa. Kama umesikia "safisha", utaleta ndoo na kitambaa chenye maji, na karatasi za maboksi zitalowa na maandishi ya dawa kufutika. Yeye alitaka uyapange tu, kila dawa mahali pake, ili mtu asichukue boksi la karibu akidhani ni jingine.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Anakuambia: "Please clean the table." Ni meza ambayo mgonjwa mwenye kidonda alikuwa amelala. Wewe unapanga pamba upande mmoja, mikasi upande mwingine, meza inapendeza macho. Imekuwa "tidy". Lakini haijaguswa na sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, na mgonjwa anayefuata analazwa hapo hapo.

Ni hivyo hivyo kwa choo na kwa madumu ya maji. Kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho, na mpangilio haumwondoi. Madumu kumi yaliyopangwa mstari ulionyooka yanaweza kuwa na maji machafu yote kumi. Kwa maji, kwa mikono, kwa chakula na kwa vidonda, neno la Kiingereza ni "clean": "clean water", "clean hands", "clean food". Hakuna "tidy water". Hakuna "tidy hands" pia, maana huwezi kuipanga mikono; unainawa.

[Muziki mfupi]

KULITAMKA

Usilisome kama Kiswahili. Si "tidi". Litamke "taidi", silabi mbili, na nguvu yote iweke mwanzoni: TAI-di. Sisi tumezoea kuweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi hulivuta na kusema "ta-I-di", silabi tatu. Usilivute. Funga haraka.

Pia usilichanganye na "tired", ambalo maana yake ni "mwenye uchovu". Ukisema "I am tired" umesema umechoka. Msimamizi akikuuliza wewe ni mfanyakazi wa namna gani, ukamjibu "I am tired", ataelewa vingine kabisa.

MAHALI PAKE KWENYE SENTENSI

"Tidy" ni kivumishi. Lina sehemu tatu za kukaa, tuzipite moja moja.

Sehemu ya kwanza ni mbele ya nomino. Kwa Kiswahili tunasema "chumba nadhifu", nomino kwanza. Kwa Kiingereza kivumishi hutangulia: "a tidy room", "a tidy shop", "a tidy desk". Wala usisahau ile "a". Kiswahili hakina kitu kama hicho, ndiyo maana hutuponyoka. "This is tidy room" ni kosa. Sema:

"This is a tidy room."

Sehemu ya pili ni baada ya "is", "are", "was", "were" na "looks". Hapa nomino imekwisha kutajwa, kwa hiyo "a" haiji:

"The room is tidy."
"The shelves were tidy yesterday."
"The shop looks tidy."

Ukisema "The room is a tidy" umekosea. "A" hudai nomino mbele yake. Nomino isipokuwepo, na yenyewe huondoka.

Sehemu ya tatu ni baada ya "keep", yaani kutunza kitu kibaki katika hali fulani. Hii ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye vibao na kwenye maagizo ya kazi. Mpangilio ni huu: "keep", kisha kitu, kisha "tidy".

"Keep the waiting area tidy."
"I keep my tools tidy."
"She keeps her kitchen tidy."

Wengi husema "I keep tidy my tools". Hapana. Kitu kikae katikati.

Sasa habari njema. Kwenye Kiswahili tunahangaika na ngeli: chumba kizuri, vyumba vizuri, nyumba nzuri, mtoto mzuri. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kwa wingi. "One tidy room, ten tidy rooms." Ni kama maneno yetu "safi" na "nadhifu": mtoto nadhifu, watoto nadhifu, hayabadiliki. Kwa hiyo usiseme "tidies rooms". Neno "tidies" lipo, ila lina kazi nyingine, na tunaifikia sasa hivi.

LINAPOKUWA KITENZI

"Tidy" pia ni kitendo: kupanga vitu, kurudisha kila kitu mahali pake. Mara nyingi huja na "up":

"I tidy my room every morning."
"She tidies the office on Fridays."
"We tidied the store yesterday."
"They are tidying up now."

Tazama herufi ya mwisho. "Y" inageuka "i" kwenye "tidies" na "tidied", lakini inabaki "y" kwenye "tidying". Kanuni hiyo utaikuta pia kwenye "carry", "study" na "worry", kwa hiyo ukiishika hapa umejifunza maneno manne kwa mkupuo.

Ukitumia "it" pamoja na "up", weka "it" katikati: "Tidy it up." Usiseme "Tidy up it."

Kulinganisha nako ni hivyo hivyo, "y" inageuka "i": "tidy, tidier, the tidiest". Mfano: "Block Two is tidier than Block One. Our classroom is the tidiest in the school." Ukitaka kueleza namna kazi ilivyofanyika, sema "tidily": "He arranged the boxes tidily." Ukitaka jina la tabia yenyewe, yaani unadhifu, sema "tidiness".

Hapa tutaje kidogo asili ya neno, maana inasaidia kumbukumbu. "Tidy" lilitoka kwenye neno la zamani la Kiingereza, "tide", ambalo lilikuwa na maana ya wakati au majira. Leo "tide" ni maji ya bahari kujaa na kupwa. Mwanzoni "tidy" lilikuwa na maana ya kitu kilichokuja kwa wakati wake. Baadaye likawa kitu kilicho katika hali nzuri, na mwishowe kitu kilichopangwa. Kwa hiyo lilianza na wakati wake na likaishia na mahali pake.

Maana ya zamani ya "nzuri, ya kuridhisha" imebaki kwenye maneno machache ya fedha. Ukisoma kwenye kitabu "She made a tidy profit", hawasemi kwamba noti zake zilipangwa vizuri. Wanasema alipata faida nono. "A tidy sum" vivyo hivyo ni kiasi kizuri cha fedha. Mwanafunzi wa sekondari, jambo hilo liweke akilini, huenda ukakutana nalo kwenye kifungu cha mtihani.

NDUGU ZAKE WATATU

"Tidy" lina maneno ya ukoo wake ambayo lazima uyajue ili usiyapishe.

La kwanza ni "neat". Hili nalo ni nadhifu, lakini linapendelea vitu vilivyofanywa kwa mkono makini: mwandiko, mshono, mistari, nywele zilizosukwa. "Her handwriting is neat." Kwa nguo zilizokaa vizuri mwilini, "neat" linafaa pia. Mara nyingi maneno haya mawili hutembea pamoja, na "neat" ndilo hutangulia: "neat and tidy". Wamarekani hutumia "neat" zaidi kuliko "tidy", na Waingereza "tidy" liko midomoni mwao kila saa. Usishangae ukimsikia Mmarekani anasema "That's neat!" baada ya wewe kumweleza jambo. Anasema jambo hilo limemfurahisha.

La pili ni "smart". Sisi hapa tunasema "amevaa smati", na Mwingereza atakuelewa. Ila Mmarekani akisikia "smart" hufikiria akili kwanza. Akikuambia "You are smart", amekusifu kichwa, hajakusifu shati.

La tatu ni "orderly". Hili linafaa kwa watu walio kwenye mpangilio, kwa mfano mstari wa mgao: "Please wait in an orderly line." Kwa foleni ya watu usitumie "tidy". Mtu mwenyewe anaweza kuitwa "a tidy person", lakini hapo anasifiwa tabia: ni mtu anayepanga vitu vyake.

KWENYE DAFTARI LA MTOTO

Mzazi, hapa nisikilize vizuri. Mwanao anarudi nyumbani na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Untidy work." "Un" mwanzoni mwa neno inakanusha, kwa hiyo "untidy" ni kisicho nadhifu. Wino mwekundu unatisha, na mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kudhani mtoto amefeli.

Mwalimu hajasema majibu si sahihi. Amesema kazi haikupangwa: maandishi yamepanda na kushuka, kuna mafutofuto, namba za hesabu hazikukaa chini ya namba zenzake. Huenda majibu yote ni sahihi. Tazama alama za vema kwanza kabla ya kumkaripia mtoto. Kisha tazama anapoandikia. Kama anaandika juu ya goti gizani, huwezi kutegemea mistari iliyonyooka. Mpatie kipande cha ubao cha kuwekea daftari, mwambie aandike kabla jua halijazama, na mfundishe kupiga mstari kwa ukingo wa kitu kilichonyooka. Mwalimu naye huenda siku moja akaandika "Tidy work", au "Neat work". Hiyo ni sifa.

Na sisi kwa sisi, tuwe waangalifu na "untidy". Kumwambia mwenzako "Your house is untidy" ni kumkosoa waziwazi, hata kama hukuwa na nia mbaya. Mama mwenye mtoto mchanga na mgonjwa ndani hahitaji kuambiwa hivyo. Sema: "Can I help you tidy up?" Hapo umetumia neno lile lile, na umetoa msaada.

KWA WATAKAOPANGA NYUMBA NG'AMBO

Maneno haya mawili, "clean" na "tidy", yameandikwa hata kwenye sheria. Mfano ni New Zealand, nchi inayopokea wakimbizi, wakiwemo Wakongomani. Sheria yao ya upangaji ya mwaka 1986 inamtaka mpangaji aitunze nyumba kwa kiasi kinachofaa iwe "clean" na pia iwe "tidy". Sheria imeyataja yote mawili, kila moja peke yake. Siku ya kuhama, mpangaji anatakiwa aiache nyumba katika hali hiyo hiyo na kuondoa takataka zake zote.

Kwa hiyo mtu akipiga deki nyumba nzima, lakini akaacha godoro la zamani na mifuko barabarani mbele ya mlango, amefanya nusu ya kazi. Na akiondoa kila kitu, lakini jiko likabaki na mafuta yaliyoganda, amefanya nusu ile nyingine. Mpangaji kwa kawaida huweka amana mwanzoni, na nyumba ikiachwa vibaya, mwenye nyumba anaweza kuidai sehemu ya amana hiyo. Neno moja ambalo hukulielewa kwenye mkataba linaweza kuwa pesa iliyokutoka mfukoni.

Uingereza nako "tidy" limeingia kwenye mambo ya takataka. Mwaka 1954 umoja wa wanawake wa huko uitwao Women's Institute ulipitisha azimio la kuitunza nchi isijae taka, na ndipo ilipoanza kampeni ya "Keep Britain Tidy". Labda umewahi kuona kwenye pakiti ya biskuti mchoro wa mtu anayetupa kitu kwenye pipa. Mchoro huo ulienezwa na kampeni hiyo. Maana yake ni ile ile tuliyoanza nayo: taka nayo ina mahali pake, na mahali pake ni kwenye pipa.

KWENYE MAHOJIANO YA KAZI

Tuseme umeomba kazi ya usafi, ya stoo au ya jikoni, na unaulizwa maswali kwa Kiingereza. Soma mazungumzo haya mkiwa wawili. Mmoja awe msimamizi, mwingine mwombaji.

Msimamizi: "What did you do in your last job?"
Mwombaji: "I worked in a store. I swept the floor every morning and I kept the shelves tidy."
Msimamizi: "How did you keep them tidy?"
Mwombaji: "I put the new bags behind the old bags. I put the tins together. I wrote the names on the shelves."
Msimamizi: "And at the end of the day?"
Mwombaji: "I tidied up and I locked the door."

Ona alivyojibu. Hakusema "I am very clean", maana hiyo inaweza kueleweka kwamba ameoga. Hakusema tu "I am tidy" akanyamaza, maana kila mwombaji anaweza kujisifu. Ametaja kazi mbili tofauti, kufagia na kupanga, kisha akaeleza alivyopanga: mizigo mipya nyuma ya ya zamani, makopo pamoja, majina kwenye rafu. Anayemsikiliza anaiona stoo ile mbele ya macho.

Kama hujawahi kuajiriwa, sema ya nyumbani. "I keep my house clean and tidy" ni jibu halali. Kuishi na familia kubwa kwenye chumba kimoja na kila kitu kikawa mahali pake ni kazi, na inahitaji akili. Kwenye maneno haya mawili pia kuna desturi ya kutangulia: husemwa "clean and tidy", "clean" ikiwa mbele.

[Muziki mfupi]

ZOEZI

Jaza kila pengo kwa neno moja: "clean", "tidy", "tidied", "tidier" au "untidy". Mengine yanarudiwa. Fanya kwanza bila kutazama majibu. Kama mko kwenye kikundi, kila mtu atoe jibu na aeleze sababu yake kwa Kiswahili.

1. "Drink only ______ water."
2. "Please keep the tools ______."
3. "We ______ the classroom yesterday."
4. "My desk is ______ than your desk."
5. "The shoes and books are everywhere. The room is ______."
6. "Wash the wound with ______ hands."
7. "This is a ______ shop. I can find everything."

Majibu: la kwanza "clean", la pili "tidy", la tatu "tidied", la nne "tidier", la tano "untidy", la sita "clean", la saba "tidy". Kwa namba mbili, mtu aliyejibu "clean" hakukosea sarufi, maana zana huweza pia kusafishwa. Muulize tu alikuwa anafikiria uchafu au mahali. Akiweza kueleza, amelielewa somo.

Kazi ya nyumbani: zunguka nyumba yako kwa macho na uandike sentensi tano za Kiingereza kuhusu vitu vilivyomo na mahali vilipo. Anza hivi: "The pots are on the shelf." Ya mwisho iwe na "tidy" au "untidy", useme kweli. Njoo nazo kwenye kikundi chako cha kusikiliza, msahihishane.

Kipindi kijacho tutakuwa na maneno ya sokoni: kuuliza bei, kupunguziwa na kurudishiwa chenji. Mpaka hapo, endelea kuongea bila woga, na ukikosea, sema tena.

[Muziki wa kufunga kipindi]